Mapenzi Hayapimwi kwa Mizani

Katika mtaa mmoja wa Kasongo, si mbali na soko, aliishi mwanamke mchapakazi aliyeitwa Mounira. Mume wake, Souleymane, aliuza vipuri vya baiskeli. Mounira yeye alikuwa mtu wa safari. Alinunua vitenge, sabuni na chumvi, akavifunga nyuma ya pikipiki, akaenda kuviuza Salamabila kwa wachimbaji wa dhahabu. Njia ni mbaya. Wakati wa mvua pikipiki huzama kwenye tope mpaka dereva ashuke na kusukuma. Lakini Mounira hakuogopa tope. Ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara tangu enzi za mababu. Kukaa kitako kulimuumiza mgongo kuliko safari.

Mounira na Souleymane walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Soraya. Alikuwa ametimiza mwaka na miezi michache, na alikuwa ameanza kutembea. Mama yake akiwa safarini, Soraya alibaki na nyanya yake, mama wa Souleymane. Jina lake Fatuma, lakini mtaa mzima ulimwita Koko Fatuma, kwa sababu kwao nyanya huitwa koko.

Koko Fatuma alikuwa mlezi hodari. Alitwanga mpunga mtoto akiwa mgongoni. Alipepeta mchele mtoto akiwa pembeni ya ungo. Aliimba, alibembeleza, alilisha. Na alikuwa na sheria moja ya safari. Sheria hiyo haikuvunjwa na mtu: mtoto asimwone mama yake akiondoka.

"Machozi ya mutoto nyuma ya musafiri ni kisirani," alisema. "Yanafunga njia. Utaondoka akiwa amelala, ao nitamupeleka kwa jirani kwanza."

Ndivyo walivyofanya siku zote. Mounira alitoka alfajiri, viatu mkononi, akinyata kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Soraya alipoamka, mama hayupo. Alitazama mlangoni. Alitazama nyuma ya pazia. Koko alimpa andazi, na siku ikaendelea.

Siku moja alasiri Mounira alirudi kutoka Salamabila. Safari hii alikuwa amekaa huko muda mrefu. Vumbi jekundu lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Hakungoja kunawa. Aliingia uani, akapiga magoti, akafungua mikono.

"Soraya! Mama amerudi! Kuja, kuja hapa!"

Soraya alimwangalia. Alimwangalia jinsi unavyomwangalia mtu aliyesimama kukuuliza njia. Kisha akageuka. Akakimbia kwa miguu yake ya kuyumbayumba, akajificha nyuma ya kitenge cha Koko.

Mounira alitoa biskuti. Mtoto akanyoosha mkono, akaipokea, akarudi zake kwa Koko. Mounira akamfuata, akamnyanyua kwa nguvu, akambusu mashavu yote mawili. Soraya akapinda mgongo, akapiga kelele mpaka majirani wakachungulia.

"Muache kwanza," Koko alisema akicheka. "Mutoto hana kosa. Vumbi yako tu inatosha kumuogopesha!"

Kila mtu akacheka. Mounira naye akacheka, kwa meno tu. Moyo ulimuuma.

Siku zilipita, na mambo hayakubadilika. Soraya hakumkataa mama yake waziwazi. Alikula chakula chake. Alikubali kuogeshwa. Lakini akianguka, alimlilia Koko. Akisikia usingizi, alimtafuta Koko. Na kwa Koko mwenyewe mambo yalizidi kipimo. Bibi wa watu hakuweza kwenda hata chooni. Akisimama tu, mtoto alidaka kitenge chake na kulia. Ilibidi aende naye, amkalishe mlangoni, akimwimbia kutoka ndani ili asikie sauti.

"Mimi na mutoto huyu tumefungwa kamba moja," Koko alilalamika. Lakini alilalamika kwa raha, kama mtu anayelalamika kwamba mavuno ni mengi.

Jirani yao, Faida, hakusaidia. Faida alikuwa mwanamke mwema, ila ulimi wake ulitangulia akili yake. Siku moja walikuwa wakichambua sombe, majani ya muhogo, pamoja. Akainama karibu na Mounira, akanong'ona.

"Mama Soraya, fungua macho. Mutoto hawezi kumusahau mama yake hivi hivi. Mutu amemufanyia kitu."

"Mutu gani?"

"Mimi sitaji jina. Lakini nani anamulisha kila siku?"

Mounira alijua hayo ni maneno ya upuuzi. Koko Fatuma hakuwa mtu wa dawa. Hata hivyo, neno baya ni kama mwiba mdogo: huuoni, lakini ukiukanyaga unauma. Jioni hiyo alimwambia mume wake shauri alilokata.

"Safari inayokuja nitaenda na Soraya."

Souleymane aliacha kula. "Wapi? Salamabila? Ku machimbo?"

"Watoto wengine wanaishi kule."

"Utamuacha na nani ukiwa ku soko? Na njia ile, na mvua hii?"

"Atakuwa na mimi. Akiachana na mama yako kidogo, atanizoea. Nimemuzaa mimi, Souleymane. Sitaki mutoto anayenipokea biskuti na kunipa mugongo."

Koko Fatuma alisikia kila neno kutoka jikoni. Alifunika sufuria, akaenda kukaa na Soraya mapajani, akamshika muda mrefu. Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na ukimya mbaya. Mkwe na mama mkwe walisalimiana vizuri, wakapeana chumvi vizuri, lakini hawakutaniana tena.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na siku ya kupima watoto kilo katika kituo cha afya. Akina mama walipanga foleni na watoto wao. Muuguzi aliitwa Léontine. Alikuwa mtu wa Kabambare, mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alipomaliza kupima, aliwaomba akina mama wakae kidogo.

"Tuko na wageni," alisema. "Ni watafiti, watu wa chuo kikuu. Wanajifunza namna mutoto mudogo anavyoshikamana na watu wanaomulea. Mama, baba, koko, yeyote. Anayependa kusaidia, aniambie. Anayekataa, hakuna shida."

"Wanapima nini kwa watoto?" mama mmoja aliuliza. "Damu?"

"Hapana damu. Hapana sindano. Wanaangalia tu mutoto na mulezi wake wakicheza, wakiachana kidogo, wakikutana tena. Ukipenda, ni kama wanaangalia mapenzi."

Akina mama waliangua kicheko.

"Mapenzi yanapimwa na mizani gani? Ile ya kilo?"

"Yangu mimi, mizani itavunjika!"

Mounira peke yake hakucheka. Aliinua mkono. Moyoni alijisemea: Sasa nitajua. Watu wasomi wataangalia, watasema mtoto huyu ni wa nani.

Habari zilipofika nyumbani, Koko Fatuma alizipokea kwa namna yake. Kwa Koko, watu wa chuo kikuu walikuja kufanya kitu kimoja tu: mtihani. Na mtihani una kupita na kufeli. Alikuwa amelea watoto saba, wote wakapita mitihani yao. Mjukuu wake hangemwaibisha mbele ya wasomi.

"Watatoka, watamuacha peke yake, waone kama analia," alieleza. "Mutoto analia ni mutoto asiyelelewa vizuri. Basi tumufundishe!"

Katika jambo hili, mkwe na mama mkwe walipatana. Wakafanya mazoezi. Mounira alitoka chumbani. Soraya akianza kukunja uso, Koko alimtia andazi mkononi na kusema, "Hapana kulia! Egzamen!" Soraya alinenepa kidogo wiki hiyo. Mwisho alijifunza: mama akitoka, yeye alitazama mikono ya Koko, akingoja andazi.

Siku ya siku ilifika, wakaenda kituoni wote watatu. Watafiti walikuwa wawili. Mmoja alikuwa msichana mpole aliyeitwa Victoire. Mwenzake, Placide, alikaa chumba cha pili, nyuma ya pazia la dirisha, akitazama. Chumba cha watoto kilikuwa na mkeka, mpira, makopo yenye vifuniko na mwanasesere wa kitambaa. Victoire alieleza kila kitu kabla.

"Mama Soraya, utakaa naye, acheze. Mimi nitaingia, kwa sababu hanijui, tuone anafanya nini akiona mugeni. Kisha utatoka kidogo tu. Kisha utarudi. Akilia sana, hatungoji. Utarudi palepale."

Soraya alicheza na makopo. Victoire alipoingia, mtoto alimkazia macho, kisha akaendelea. Mounira akasimama, akatoka. Alisimama nje ya mlango, mikono kifuani, akiomba Mungu.

Hakusikia kilio. Hakusikia hata mguno.

Alipoitwa, alirudi akiwa na furaha. Soraya hakuinua kichwa. Aliendelea kufunika na kufunua kopo. Mama yake alipomkaribia, aligeuza bega kidogo, akamwonyesha mgongo.

"Hakulia!" Koko Fatuma alipiga vigelegele mlangoni. "Hata tone moja! Amepita!"

Victoire alitabasamu, lakini hakusema amepita. Aliwaomba warudi wiki iliyofuata, safari hiyo Koko ndiye aingie.

Wakarudi. Koko Fatuma alivaa kitenge cha Idi. Alicheza na mjukuu wake kwenye mkeka, akajifanya hajui kufungua kopo, Soraya akamfungulia. Kisha akaambiwa atoke. Alipofika tu mlangoni, Soraya alitoa kilio ambacho nadhani walikisikia sokoni. Koko akataka kurudi na kumziba mdomo kwa andazi. Walimrudisha upesi. Soraya akamkimbilia, akapanda mapajani, akaficha uso shingoni mwake. Akapumua. Akapumua tena. Halafu akateremka, akaenda kuchukua mpira.

Koko alitoka ameinamisha kichwa.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia Mounira. "Kwako amepita. Kwangu amefeli."

Lakini Mounira alikuwa amechungulia dirishani pamoja na Placide. Alikuwa ameona mikono ile midogo ikishika shingo ya Koko. Hakuhitaji msomi wa kumweleza. Machozi yalimtoka palepale.

"Basi nimejua," alisema. "Mutoto ni wako. Ndiyo maana kesho kutwa naondoka naye, anizoee na mimi."

Koko naye akaanza kulia. Soraya alipowaona wakubwa wawili wanalia, akaacha mpira, akalia wa tatu. Léontine alikuja mbio kutoka chumba cha dawa.

"Ni nini hapa? Kuko matanga?"

Victoire aliwakaribisha wote kwenye mkeka. Alimpa kila mtu maji ya kunywa. Akangoja Soraya atulie, kisha akazungumza.

"Mama Soraya, unafikiri tumepima nini?"

"Mumepima nani anapendwa."

"Hapana. Kitu hicho hakipimwi. Hatuangalii mutoto analia ao halii. Kuko watoto wanalia mbio, kuko wengine wagumu. Sisi tunaangalia zaidi mulezi akirudi. Mutoto anafanya nini? Anamutafuta? Anatulizwa naye? Kisha anarudi kucheza? Mutoto akifanya vile, inaonyesha anaamini: nikipata shida, mutu huyu atanisaidia."

Koko aliinua kichwa. "Sasa mimi sikufeli?"

"Hakuna kufeli hapa, Koko. Alilia kwa sababu ulitoka. Alinyamaza kwa sababu ulirudi. Ni vizuri."

"Kumbe! Na maandazi yale yote?"

"Maandazi yalimufundisha kuficha," Victoire alisema, akacheka kidogo. "Na tena, siku moja haitoshi kumujua mutoto. Ndiyo maana tunafika hata nyumbani, tunaangalia muda murefu: anakula vipi, anaanguka anamukimbilia nani, anacheza mbali ao karibu. Hata vile, hatumupi mama points. Hatusemi huyu mama muzuri, huyu mama mubaya."

Mounira alifuta uso. "Lakini mimi aliniona narudi, akanipa mugongo. Mutoto asiyenijali anafanya vile, si ndiyo?"

"Ulipotoka, Placide alimuangalia vizuri. Mikono ilicheza na kopo. Macho yalikuwa ku mulango. Alikutafuta, Mama. Ila amejifunza asionyeshe. Niambie jambo moja. Ukienda Salamabila, unaondoka namna gani?"

Mounira na Koko wakatazamana. Kisha wakaeleza: alfajiri, viatu mkononi, mtoto usingizini. Wakaeleza na habari ya kisirani.

Victoire hakucheka.

"Tufanye wewe ndiye Soraya," alisema. "Unalala, mama iko. Unaamuka, mama hayuko. Hakuna mutu amekuambia kitu. Siku zinapita, hayuko. Siku moja anatokea, anakukamata kwa nguvu. Utamuamini mutu wa namna hiyo? Utajua atatoweka tena saa ngapi?"

Mounira alimtazama Soraya.

"Sasa ufanye nini na koko wako, aliyebaki? Utamushika kitenge mpaka ku choo, asitoweke naye."

"Ah!" Koko Fatuma alipiga paja lake. "Ndiyo sababu ile!"

Hapo Mounira alielewa. Alielewa kwa uchungu, jinsi unavyoelewa njia baada ya kupotea. Mtoto hakuwa amefanyiwa dawa. Mtoto alikuwa na hofu. Na yeye, mama yake, alikuwa akimtia hofu hiyo kila safari, tena kwa nia njema.

"Basi nikienda naye Salamabila, si ndiyo dawa yake?" aliuliza. "Nisiondoke tena."

Léontine ndiye aliyejibu. "Mama Soraya, mimi ni mutu wa Kabambare, jirani na kule. Machimbo ninayajua. Lakini tuache machimbo. Mutoto ameshika kamba moja, kamba ya Koko. Ukiikata, atashika nini? Hatakuzoea. Ataogopa mara mbili."

"Moyo wa mutoto si sahani moja ya wali, kwamba Koko akila, wewe unakosa," Victoire aliongeza. "Anaweza kushikamana na mama, na baba, na koko, wote pamoja. Anayemujibu akilia, anayemulisha, anayecheza naye kila mara, huyo anamushika. Koko hakukuibia mutoto. Amekutunzia."

Mounira alimgeukia mama mkwe wake.

"Mama, nilikufikiria vibaya."

"Na mimi niliogopa utamupeleka, nibaki na ungo wangu tu," Koko alijibu. "Tuyaache. Lakini kisirani je? Mutoto akilia nyuma yako?"

Hapo Souleymane, aliyekuwa amefika kuwachukua, aliingilia kati. Kwa kawaida Souleymane husema kidogo.

"Mama, ile safari chumvi yote ilianguka ndani ya mto, Soraya alikuwa amelala fofofo. Nani alilia?"

Koko alianza kuhesabu safari kwa vidole.

"Na ile safari pikipiki ilikatika mnyororo mara mbili? Alikuwa amelala vilevile. Labda kisirani chetu kinapenda watoto wanaolala."

Walicheka wote, hata Koko. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kucheka pamoja.

Victoire aliwaeleza la kufanya, na Léontine akarudia kwa maneno ya nyumbani. Mama akae kwanza, amwogeshe mtoto yeye, amlishe yeye, amlaze yeye, Koko akiwa karibu. Asimnyanyue kwa nguvu. Akae chini, angoje mtoto aje. Akilia, ajibiwe. Siku ya safari, mtoto aagwe mchana, macho kwa macho, kwa maneno machache, kisha akabidhiwe mikononi mwa Koko. Safari za kwanza ziwe fupi. Na mama akiwa mbali, Koko amtaje mama kila siku, na mtandao ukipatikana, mtoto asikie sauti yake katika simu.

"Ataelewa nini? Hajui hata kusema vizuri," Koko alisema.

"Maneno hatayaelewa yote," Victoire alijibu. "Lakini ataelewa kwamba hamumudanganyi."

Mounira aliahirisha safari. Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Alikaa kwenye mkeka na makopo ya maziwa aliyookota, akiyafunika na kuyafunua peke yake mithili ya mtu aliyechanganyikiwa. Faida alipita, akamwona, akaenda kutangaza habari. Mounira hakujali. Siku moja Soraya alikuja, akamnyang'anya kopo. Kesho yake akaja, akampa kopo. Haba na haba hujaza kibaba.

Kisha wakagundua mchezo. Mounira alijifunika kitenge kichwani. "Mama iko wapi?" Akafunua. "Mama iko hapa!" Soraya alicheka mpaka akakaa chini. Mara nyingine yeye ndiye aliyefunua kitenge, polepole, na kabla hajafunua alishika pumzi. Mounira aliona jinsi alivyoshika pumzi. Alimkumbatia, na safari hii mtoto hakupinda mgongo.

Siku ya kuondoka ilifika. Mounira alichagua Kabambare, si Salamabila, maana ni karibu zaidi. Dereva, Chadrack, alifunga mzigo uani mchana kweupe. Soraya alitazama kila fundo. Mounira alichuchumaa mbele yake.

"Soraya. Mama anaenda Kabambare. Unabaki na Koko. Mama atarudi."

Akambusu, akampa Koko, akapanda pikipiki. Soraya akatazama pikipiki, akatazama mama. Mdomo ukaanza kutetemeka. Kisha akalia, akanyoosha mikono yote miwili kwa mama yake.

Hakuwahi kumlilia hivyo. Mounira alitaka kushuka. Alitaka pia kucheka. Koko alimshika mtoto kifuani na kusema kwa sauti thabiti, "Lia, mama yangu. Mama anaenda. Mama atarudi." Midomo yake iliongeza dua moja ya siri kuhusu njia, kwa sababu Koko ni Koko.

"Tuende, ao tukae?" Chadrack aliuliza.

"Tuende," Mounira alisema, machozi yakimtiririka. "Amenililia. Umesikia? Ananililia mimi!"

Chadrack alitikisa kichwa. Alikuwa amebeba abiria wa kila namna, lakini hakuwahi kubeba mtu anayefurahia kilio.

Njia haikuwafungia. Haikuwafungulia pia: tope lilikuwa palepale. Kabambare aliuza sabuni yote na vitenge vingi. Alipopata mtandao alipiga simu, akamsikia Koko akisema, "Sikia, ni mama," kisha pumzi ndogo ya mtoto kwenye simu. Hakutamka neno. Ilitosha.

Alirudi siku ya soko. Alinawa uso kisimani kabla ya kuingia. Soraya alikuwa uani, karibu na ungo. Alimwona mama yake. Akasimama. Akaficha uso kwenye kitenge cha Koko.

Mounira alitaka kukimbia, amnyanyue. Hakukimbia. Aliketi chini, palepale alipokuwa, miguu ameinyoosha.

"Soraya, mama amerudi," alisema taratibu. Akangoja.

Mtoto alichungulia kwa jicho moja. Akaachia kitenge. Akaja, hatua kwa hatua, amekunja uso. Alipomfikia mama yake, aliinua mkono mdogo akampiga kofi la bega. Kisha la pili.

"Eh! Anakupiga!" Koko alishtuka. "Soraya, hapana!"

"Muache, Mama," Mounira alisema. "Acha anipige. Alikuwa ananingoja."

Baada ya kofi la tatu Soraya aliangua kilio. Akaangukia kifuani mwa mama yake, akashika shingo yake kwa mikono yote miwili. Mounira alimpapasa mgongo. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha.

Koko Fatuma alisimama akiwatazama. Alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Alisema ameingiwa na pumba za mpunga.

"Sasa mimi nitaenda ku harusi ya jirani," alisema. "Nimealikwa tangu asubuhi."

Akachukua mtandio wake, akaelekea mlangoni. Hapo alikumbuka, akageuka. "Soraya, Koko anaenda. Koko atarudi."

Soraya aliinua kichwa. Akamtazama, akapunga mkono mdogo wenye pumba. Kisha akarudisha kichwa chake kifuani mwa mama. Mounira miguu ilimfa ganzi, lakini hakusogea.